Boriti Inayopungua: Tufundisheni na Hesabu, Si Kubofya Tu

Vijana wenzetu, na ninyi ndugu zetu wa mashirika mnaotusoma hapa, leo tunaongea kuhusu boriti. Msikimbie jamani. Tutaenda polepole, na mwisho mtaona kwamba maneno haya yanawahusu hata wale ambao hawajawahi kushika nyundo.

Siku hizi kozi za kompyuta zimefika mpaka kwenye makazi na makambi yetu. Sisi tulio Nakivale tunaziona, na wenzetu wa Kakuma na kwingine wanatuambia kwao pia zipo. Kati ya hizo kuna kozi za programu za uhandisi: unachora fremu ya jengo kwenye skrini, unaweka mzigo, unabofya, na jengo linapakwa rangi nyekundu na kijani. Wiki chache zikipita unapewa cheti. Tunazipenda kozi hizo na tunawashukuru wanaozileta. Lakini msimamo wetu ni huu: kozi ya namna hiyo isipofundisha hesabu iliyo nyuma ya rangi zile, haijamsaidia kijana. Imempa uwezo wa kukosea haraka, na kwa kujiamini.

Ili tusibaki kwenye maneno matupu, tumechagua kitu kimoja kidogo cha kuonyesha. Ni boriti inayopungua, yaani ile ambayo upande mmoja ni nene na upande mwingine ni nyembamba.

Kitu hiki tunakijua

Angalia mti. Chini kwenye shina ni mnene, juu kwenye ncha ni mwembamba. Upepo ukiusukuma, sehemu ya chini ndiyo inayobeba kazi kubwa, kwa hiyo unene uko kule kule unakohitajika. Mti wa mkaratusi tunaojengea nyumba zetu ni boriti inayopungua tangu umezaliwa. Fundi anayepanga miti ya paa anapishanisha: huyu shina upande huu, yule shina upande ule, ili paa lisiwe na upande mmoja dhaifu. Hakusoma hilo kwenye kompyuta.

Sasa angalia ghala kubwa la chuma, lile lenye mabati juu (sisi wa Kivu tunasema manjanja). Katika maghala mengi ya aina hiyo nguzo ni nyembamba pale chini, inapanuka ikienda juu, na pale inapokutana na boriti ya paa ndipo inakuwa nene kuliko kote. Halafu boriti ya paa inaanza nene kwenye kona ile na kupungua ikielekea katikati. Si urembo. Kwenye fremu ya namna hiyo nguvu ya kupinda huwa kubwa kwenye kona, basi kiwanda kinaweka chuma pale na kukipunguza pengine ili kuokoa pesa. Vipande vinakuja kwenye lori na vinafungwa kwa bolti.

Na chini ya mapaa ya namna hiyo ndipo watu wetu wanapokaa. Mama anasubiri mgao, watoto wanasoma, wagonjwa wanalala. Kwa hiyo ikiwa kijana wetu ameketi mbele ya kompyuta anaingiza namba za boriti kama hiyo, kuna watu chini ya namba zake.

Kompyuta inafanya nini na boriti hii?

Tuweke mfano rahisi ambao kila mtu anaweza kuuhakiki. Boriti ya mbao imeshikwa ukutani upande mmoja tu, kama tawi la mti, na mzigo umening'inizwa kwenye ncha. Upana wake haubadiliki. Kimo chake kwenye ncha ni sentimita 20, kinaongezeka kwa mstari mnyoofu mpaka sentimita 40 ukutani.

Hapa kuna siri moja ambayo mtu akiijua ameshapita nusu ya safari: ugumu wa boriti ya mstatili dhidi ya kupinda hufuata kimo mara tatu, yaani kimo zidisha kimo zidisha kimo. Ukiongeza kimo mara 2, ugumu unaongezeka mara 8. Kwa mti wa mviringo ni kali zaidi, kipenyo mara nne. Mti wenye sentimita 8 kwenye ncha na 12 kwenye shina una ugumu karibu mara 5 pale shinani kuliko nchani, na kwa macho unaonekana kama mti ule ule!

Tuchukue mzigo ambao kwa hesabu sahihi ya kupinda unaishusha ncha ya boriti yetu kwa milimita 20. Sasa tazama majibu ambayo kompyuta itatoa, kulingana na namna mtu alivyoiambia:

– Ukiipa kimo cha ukutani, sentimita 40, kwa urefu wote: milimita 12.
– Ukiipa kimo cha ncha, sentimita 20, kwa urefu wote: milimita 98.
– Ukichukua wastani, sentimita 30: milimita 29.
– Ukiigawa vipande 2 sawa, kila kimoja na kimo cha katikati yake: milimita 22 na kidogo.
– Vipande 4: milimita 20.5.
– Vipande 8: milimita 20.1.

Boriti ni ile ile, mzigo ni ule ule, kompyuta ni ile ile. Majibu yanaanzia 12 mpaka 98, na hakuna hata mara moja programu iliyosema "umekosea". Kila mara imechora picha safi yenye rangi.

Kwa hiyo njia ya kugawa vipande ni nzuri, na inaeleweka. Ni kama kujenga ngazi badala ya mteremko: ngazi zikiwa ndogo ndogo na nyingi, mteremko unakaribia kuwa sawa. Mtu akiona jibu halibadiliki tena anapoongeza vipande, ameshajua mgawanyo wake unatosha.

Programu nyingine zina njia ya mkato. SAP2000, kwa mfano, inakubali kipande kimoja chenye umbo moja mwanzoni na umbo lingine mwishoni. Lakini inakuuliza swali: ugumu ubadilike vipi kati ya hapa na pale? Kwa mstari mnyoofu, kwa mraba, au kwa mchemraba? Kwa boriti yetu jibu ni mchemraba, kwa sababu ya ile siri ya kimo mara tatu. Ukichagua mstari mnyoofu kwa kuwa tu boriti inaonekana imenyooka kwa macho, utapata karibu milimita 17 badala ya 20. Umepunguza ukweli kwa asilimia 16, kwa kubofya mara moja.

Sasa tunauliza: kijana aliyefundishwa "bofya hapa, halafu bofya pale" atalijibu vipi swali hilo? Atabahatisha. Au ataacha kilichokuwepo. Hatumlaumu, kwani hakuna aliyemwambia.

Hatari inahama

Mtu atasema, milimita tatu nne ni kitu gani? Basi sikiliza hili la pili, ndilo linalotutia wasiwasi zaidi.

Kila mtu anajua tawi hukatika pale linaposhikana na mti, si ndiyo? Kwa boriti ya unene mmoja ni kweli, mkazo mkubwa uko ukutani. Lakini chukua boriti ya mita 4, kimo sentimita 20 kwenye ncha na sentimita 60 ukutani, mzigo kwenye ncha. Nguvu ya kupinda inaongezeka kufuata umbali kutoka kwenye ncha, na uwezo wa kuhimili unaongezeka kufuata kimo zidisha kimo. Ukutani: umbali 4, kimo 60. Gawanya 4 kwa 3600. Katikati: umbali 2, kimo 40. Gawanya 2 kwa 1600. Fanya hesabu mwenyewe. Mkazo wa katikati ni mkubwa kuliko wa ukutani kwa asilimia 12.5.

Yaani mahali pa hatari pamehama kutoka ukutani mpaka katikati, na mtu anayesoma majibu ya mwisho na mwanzo wa boriti peke yake hatapaona. Atasema boriti ni salama kwa sababu pale alipozoea kuangalia ni salama.

La tatu ni la kwenye fremu, kama zile za ghala. Pale sehemu ngumu huvuta mzigo kwake. Mtu akiweka wastani wa unene kwa boriti nzima, kona zake zinaonekana laini kuliko zilivyo, na kompyuta inapeleka nguvu kidogo kwenye kona kuliko inayofika kweli. Halafu bolti za kona zinachaguliwa kwa nguvu hiyo ndogo. Wastani ambao mtu aliuona ni "usalama" umemponza pale pale ambapo jengo linashikana.

La nne: kompyuta huchora boriti kama mstari mmoja unaopita katikati ya unene. Kama boriti imenyooka juu kwa ajili ya mabati na inapungua upande wa chini, mstari wa kati haukunyooka, umeinama. Kimo kikitoka sentimita 60 hadi 30, mstari wa kati umehama sentimita 15. Nguvu ya kusukuma ya kilonewtoni 100 ikipita kwenye mstari uliohama hivyo inazaa nguvu ya kupinda ya kilonewtoni-mita 15, ambayo mchoro wa mstari ulionyooka hauijui kabisa. Programu nzuri zinakuruhusu kusogeza mstari. Lakini lazima ujue kwamba unahitaji kuusogeza.

Na hatujagusa bado jinsi chuma chembamba kinavyoweza kujikunja pembeni kikibanwa. Hilo ni gumu mpaka mwaka 2011 taasisi ya ujenzi wa chuma ya Marekani, AISC, pamoja na chama cha watengenezaji wa majengo ya chuma, MBMA, walitoa mwongozo mzima, Namba 25, kwa ajili ya fremu zinazopungua peke yake. Kama wataalamu wa nchi tajiri waliona kitu hiki kinahitaji kitabu chake, sisi tunawezaje kupewa dakika kumi za kubofya?

Wakubwa nao waliamini skrini

Msifikiri hii ni shida ya wakimbizi au ya watu wasiosoma. Tarehe 23 Agosti 1991 huko Norway, karibu na mji wa Stavanger, sehemu ya chini ya zege ya jukwaa la kuchimba gesi liitwalo Sleipner A ilikuwa inazamishwa majini kwa majaribio. Ukuta mmoja ukapasuka, maji yakaingia, na jengo lote likazama mpaka chini likavunjika vipande vipande. Hasara ilikadiriwa karibu dola milioni 700. Hakuna aliyekufa, Mungu mkubwa.

Uchunguzi ulionyesha nini? Hesabu ya kompyuta ilikuwa imepunguza nguvu ya kukata kwenye kuta fulani kwa asilimia 47, kwa sababu mgawanyo wa vipande pale ulikuwa mbaya, na chuma kilichowekwa ndani ya zege hakikutosha. Baadaye hesabu iliyofanywa kwa uangalifu ilionyesha ukuta ule ungevunjika kwenye kina cha mita 62. Ulivunjika kwenye mita 65. Kwa hiyo elimu ya kuligundua kosa ilikuwepo, na kompyuta iliyofanya hesabu ilitii tu kile ilichoambiwa.

Wanaotupinga wanasema nini

Tumeongea na watu, na majibu mawili yanarudi kila mara.

La kwanza: "Vijana wakimbizi wanahitaji kazi haraka, hesabu ni ndefu." Tunaelewa, njaa haisubiri. Na hapa Uganda sheria ya wakimbizi ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi, hiyo ni bahati wasiyo nayo wenzetu wa nchi nyingine. Lakini kazi gani? Kubofya tu, maelfu ya watu duniani wanajua, wengi wana umeme na intaneti kuliko sisi. Kijana anayeweza kumwambia bosi wake "namba hii si sawa, na sababu ni hii" ndiye anayebaki kazini. Haraka haraka haina baraka, na kwenye ujenzi msemo huo si wa kupamba mazungumzo.

La pili: "Ninyi hamtasaini michoro, mhandisi aliyesajiliwa ndiye atakayekagua." Ni kweli, saini si yetu. Lakini anayeingiza namba ndiye wa kwanza kuiona boriti. Mkaguzi ana miradi mingi mezani, anaona karatasi zilizopangwa vizuri na rangi za kijani. Wa kwanza akiwa kipofu, wa pili anaanza kazi akiwa amefunikwa macho tayari. Na tuseme lingine ambalo linauma kidogo: kauli hiyo inatuona sisi kama mikono tu. Tumechoka kuwa mikono. UNHCR yenyewe imeweka lengo kwamba ifikapo 2030 asilimia 15 ya vijana wakimbizi wawe katika elimu ya juu. Huwezi kufika huko kwa kuwazoesha watu kubofya bila kuuliza.

Tunachoomba

Kwa mashirika na walimu, mambo manne. Hayahitaji bajeti kubwa.

Moja, kila kozi ya programu ya uhandisi ianze na karatasi. Boriti moja, mzigo mmoja, hesabu ya mkono, ndipo kompyuta iwashwe.

Mbili, mtihani wa mwisho usiwe wa kuchora tu. Mpeni kijana mchoro ambao una kosa ndani, mwambieni alitafute na aeleze. Asiyeweza asipewe cheti bado. Cheti kisichomaanisha kitu kinatuharibia jina sisi sote.

Tatu, leteni mafundi wetu darasani. Yule mzee anayepishanisha mashina ya mikaratusi ana jambo la kufundisha, na mwalimu wa kompyuta ana jambo la kumwongezea. Wakae meza moja.

Nne, msitufunge kwenye programu ya bei kubwa ambayo leseni yake inakwisha siku mradi unapokwisha. Programu za bure zipo, kama OpenSees iliyotoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Inahitaji kuandika amri badala ya kubofya, lakini hilo nalo ni somo.

Na kwa vijana wenzetu: msisubiri mradi. Simu inatosha. Fungua programu yoyote ya jedwali, ile ya safu na mistari. Igawe boriti yako vipande 10. Kwa kila kipande andika umbali wa katikati yake kutoka kwenye ncha yenye mzigo, kisha kimo chake pale. Tafuta ugumu wa umbo: upana zidisha kimo mara tatu, gawa kwa 12. Halafu chukua umbali zidisha umbali, gawa kwa ugumu huo, zidisha na urefu wa kipande. Jumlisha safu yote. Zidisha na mzigo, gawa kwa ile namba ya ugumu wa mbao au chuma chenyewe, ambayo vitabu huiita E. Hakikisha vipimo vyote ni vya aina moja, usichanganye sentimita na milimita. Jibu lako ndilo kushuka kwa ncha.

Fanya hivyo mara moja, halafu fanya tena kwa vipande 20. Kama majibu mawili yanakaribiana, umejifunza jambo ambalo kozi nyingi hazilisemi. Na siku utakapokaa mbele ya programu kubwa ya dola nyingi, utaanza kwa kujiuliza inatakiwa ikupe ngapi, hata kabla hujabofya. Ikikupa 98 wakati wewe unatarajia 20, utasimama na kuuliza.

Wenye shule za ufundi, wenye kozi, na ninyi mnaoandika miradi ya mwaka ujao: boriti iko hapo juu, na namba zake zote. Jaribuni wenyewe kwanza, halafu mtuambie kama tumedai kitu kikubwa. Na kijana utakayefanya hesabu ya vipande 10, tuandikie hapa chini umepata ngapi. Tutaipitia pamoja.